Paa Lisilovuja

Jambo la kwanza aliloniuliza Kaka Mbarouk, baada ya kunipokea begi mlangoni na kunipa pole kwa msiba ambao ulikuwa wake kama ulivyokuwa wangu, ni kama paa liliwahi kuvuja. Nilikuwa nimetoka Pemba na picha mbili kwenye simu, moja ya kaburi la mama yetu na moja ya nyumba, na njia nzima nilijiandaa kumwonesha ya kaburi. Nikamwambia anipe nafasi nioge kwanza. Chumba anachokaa siku hizi kiko Xiaobei, hapa Guangzhou, hatua chache tu kutoka kile tulichokaa mwaka ule, ghorofa ya sita bila lifti, na ngazi zina harufu ile ile ya mafuta ya kukaangia na nguo zilizokataa kukauka. Ana mvi. Tumbo limemtangulia. Bado anavua viatu na kuvipanga pua zikitazama mlangoni, kama mtu ambaye yuko njiani kuondoka, na nilipoviona nikajua kwamba nitalazimika kuuandika mwaka ule, nao si mwaka ninaoupenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipokuja kumsaidia. Yeye alinunua blauzi na magauni Shisanhang, mtaa wa jumla unaoamka kabla watu hawajanawa nyuso, na mimi kazi yangu ilikuwa kukagua vifungo, kukunja, kufunga marobota na kupika. Tulikuwa watatu katika sebule moja iliyogawanywa kwa mbao: upande wa dirisha nililala mimi, katikati kaka, na karibu na mlango Wafula, Mkenya wa Bungoma aliyekulia Nairobi, mnunuzi wa vitambaa kule soko la Zhongda. Mbao zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilijua Wafula anaota kwa Kiswahili na anagombana kwa Kibukusu. Dirisha langu lilikuwa na nondo kama za kizuizi, na juu ya nondo tulianika nguo zetu na zikakaa siku tatu bila kukauka, maana hewa ya Guangzhou majira ya mvua imejaa maji kama kitambaa cha kudekia. Marobota yalipangwa mpaka darini. Tulikula tumekaa juu yake.

Nilipika nilichokijua. Muhogo nilioupata kwa Mkongo mmoja wa ghorofa ya chini, nazi ya kopo, samaki wa kukaanga. Wafula alikuja kila jioni akafunua sufuria na kusimama hapo kama mtu aliyepewa habari mbaya.

"Dada Raya, leo tena ni mihogo? Mimi nimevuka bahari nikafika China ili nile mihogo?"

"Hukuja kula, ulikuja kufanya biashara," kaka akamwambia.

"Buda, mtu hafanyi biashara na nazi tumboni. Hata ka-ugali kadogo, nisisahau kwetu."

"Kwenu hukusahau. Kila siku unatusimulia ng'ombe wa baba yako."

"Ng'ombe wa mzee wanalala chini ya mabati, wacha nikwambie. Si kama nyinyi wa Pemba, mtu ana pesa yuko China, mamake analala chini ya majani."

Kaka hakukasirika, maana maneno hayo yalisemwa kila siku na yalikuwa kama chumvi ya chakula chetu. Alijibu tu kwamba ng'ombe wa Bungoma hawajui joto. Lakini jioni moja, katikati ya mzaha huo huo, simu ikalia, na alikuwa mama. Kaka aliiweka simu sauti ya wazi ili nami nisikie. Mama hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Makuti yamekwisha, Mbarouk. Juzi nimelala na beseni kifuani. Ami yako Faki amepanda juu akashuka, anasema hata pa kubandika kiraka hapana. Mwaka huu utakuja?"

Kaka akamwambia inshallah. Mama akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie," na simu ikakatika.

Hapa lazima nieleze nyumba yenyewe, na nitakwenda taratibu, kwa sababu vijana wengi siku hizi wameziona nyumba hizi kwenye mahoteli tu na hawajui zinavyosimama. Usione aibu kama hujui. Hata sisi tuliozaliwa ndani yake hatukujua, na hicho ndicho kisa chote. Nyumba ya makuti huanza na nguzo. Nguzo za mkandaa huchimbiwa ardhini, juu yake hulazwa miamba, yaani miti minene ya kulala, na kutoka kwenye miamba makombamoyo hupanda kwa mshazari mpaka kukutana mgongoni mwa paa. Juu ya makombamoyo hufungwa mapao, fito za kukingama, kwa kamba za makumbi, na juu ya mapao ndipo makuti hulala, moja juu ya jingine, likiwa limeachana na mwenzake kwa upana wa kiganja. Hakuna msumari. Ukuta huja mwisho: fito hufungwa ndani na nje ya nguzo, katikati hujazwa mawe madogo na udongo, kisha nyumba hukandikwa. Kwa hiyo ukuta haubebi kitu. Mgeni akiitazama nyumba huona ukuta na kudhani ndio nyumba, kumbe ukuta ni nguo tu, na mifupa ni zile nguzo zilizomo ndani yake na mbao zile nyeusi juu ya kichwa chako.

Nyeusi kwa nini? Kwa moshi. Jiko la mama lilikuwa ndani, upande wa nyuma, mafiga matatu, na moshi wake haukuwa na dohani. Ulipanda, ukatambaa chini ya paa lote, ukapenya polepole kati ya makuti, na ukitazama nyumba kwa mbali asubuhi ungedhani inapumua. Masizi yalipaka kila kombamoyo na kila kamba, na fukusi na mchwa hawali kilichopakwa masizi. Nimeyajua haya baadaye sana, kwa kuuliza huku na huku. Wakati ule nilijua tu kwamba nguo zetu za Idi zilinuka moshi, na kwamba macho ya mama yalikuwa mekundu daima.

Ndiyo maana zawadi ya kwanza ya kaka kutoka China, miaka miwili kabla sijamfuata, ilikuwa jiko la gesi. Hakuna mtoto mwema ambaye asingelinunua. Ami Faki alisema gesi haikai chini ya makuti, nyumba itakwenda na moto, kwa hiyo wakajenga banda uani na jiko likahamia huko. Mtungi wa gesi ulipokwisha mama alirudi kwenye kuni, lakini huko huko bandani, na moshi wake ukawa unakwenda zake juu. Mwaka uliofuata kaka alituma fedha ya saruji, ukuta upigwe lipu kwa nje kama nyumba ya mawe, kwa sababu kila masika mvua ilikula udongo na mama alikandika upya kwa mikono yake mwenyewe, na mgongo ulikuwa unamuuma. Ukuta ukawa mweupe. Mama alituma picha amesimama mbele yake na kanga mpya, anacheka. Nataka ulione hili vizuri: kila badiliko lilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ni mapenzi.

Lilibaki paa. Makuti ya mnazi hudumu miaka minne, mitano kwa jaala, kisha nyumba huezuliwa na kuezekwa upya, na kazi hiyo si ya mtu mmoja. Wanawake hushona makuti wiki nyingi kabla, barazani kwa huyu na kwa yule. Siku yenyewe wanaume hujigawa, wengine juu wakifunga, wengine chini wakirusha, na watoto wakikimbia na kamba zilizorowekwa. Kijijini kwetu kulikuwa na mambo mawili yasiyovunjwa. La kwanza, kuti la mwisho, lile la mgongoni, lilipandishwa na mtoto wa kiume wa nyumba ile, na kama yuko mbali alisubiriwa. La pili, chakula cha kuezeka kililiwa na aliyegusa paa tu. Hata mpita njia mwenye njaa alirusha kuti moja kwanza ndipo akanawa mikono. Kaka alikuwa ameenda kupandisha kuti la mgongo akiwa Unguja, akaenda tena akiwa Dar es Salaam. Tangu aje Guangzhou, hii ndiyo ilikuwa zamu ya kwanza.

Baada ya simu ile alianza kununua vitu vya safari. Tochi, redio ndogo, mashuka. Alivipanga juu ya robota moja karibu na kitanda chake, na mimi nilivipangua na kuvipanga vizuri zaidi. Siku moja mchana nilikuwa upande wangu nikipima kola, wao wakidhani nimeshuka dukani, nikawasikia.

"Pasi iko kwa wakala wa viza mpaka lini?" Wafula aliuliza. Hakuwa na ile sauti ya mzaha.

"Anasema wiki mbili. Alisema wiki mbili mwezi uliopita pia."

"Na ukienda na hii viza ya zamani?"

"Natoka. Kutoka sio shida. Kurudi ndio sijui."

"Mbarouk, sikiza. Kuna mtu wa Mtwapa alienda kuzika baba. Mpaka leo yuko Mtwapa, bidhaa zake ziliuzwa hapa na mwenye nyumba."

Kisha kaka akasema, "Nimemwambia inshallah."

"Inshallah si tarehe."

"Kwetu ni zaidi ya tarehe."

Nilikaa na ile blauzi mapajani na sikuthubutu kukohoa. Walipoingia jikoni nilitoka kimya kimya, nikashuka ngazi zote, nikanunua vitunguu nisivyovihitaji, na nikarudi nikipiga kelele na funguo. Kaka alikuwa anakaza skrubu za ile redio, na akanisalimia kwa uchangamfu mno.

Ni Wafula aliyeleta habari ya makuti ya plastiki, na sitaki mtu amlaumu. Mwenye hoteli mmoja wa Mombasa alikuwa amemwagiza ayatafute, naye akakipata kiwanda nje kidogo ya mji, mahali ambapo nyumba za mabati zimepangwa kama marobota yetu. Alikuja jioni na kipande mkononi, akakiweka juu ya sahani ya kaka, ndani ya mchuzi kabisa. "Kula majani ya kwenu," alimwambia.

Tulikwenda wote watatu. Msimamizi wa mauzo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, na sisi tulimwita laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wote, naye akatuita pengyou, marafiki. Alikuwa mtu mwema. Alitupa maji ya moto ya kunywa, kisha akamwaga maji mengine juu ya kipande cha paa kilichosimamishwa uani, yakateremka yote na chini yake sakafu ikabaki kavu. Akawasha kiberiti akakishika chini ya ncha: ikakunjamana kidogo, haikushika moto. Akavuta, haikukatika. Akasema kwa Kichina na Wafula akatufasiria: miaka ishirini, jua, mvua, upepo, hakuna kinachoharibika, ni kuosha tu.

Kaka alilishika lile kuti kwa mikono miwili. Lilikuwa na rangi ya makuti ya miezi mitatu, wakati yameshapoteza ukijani lakini hayajageuka kijivu, na waliotengeneza walikuwa wameweka hata vidoa vidogo vya kahawia ili lifanane kabisa. Akaniambia, "Raya, nusa." Nikanusa. Halikunuka chochote.

"Mama hataki bati," akasema. Alikuwa anajieleza kwangu, au kwa nafsi yake. "Anasema bati ni joto, na mvua ikinyesha husikii hata adhana. Hili si bati. Hili ni makuti. Ni makuti yasiyokwisha."

Nilimwambia ni mazuri. Niliyaona mazuri kweli. Nilifikiria lile beseni kifuani.

Tulimpigia mama siku ile ile, tukiwa bado tumesimama uani kwa laoban. Kaka alimweleza yote, maji, kiberiti, miaka ishirini, na alieleza kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu nifike. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hayaozi?"

"Hayaozi, Mama. Hutaezeka tena. Basi, umepumzika."

"Na wewe, utakuja kuyaezeka?"

"Yanafungwa kwa skrubu tu. Vijana wawili wa Chake Chake watamaliza siku moja. Mie nitakuja baadaye, kwa nafasi, tukae. Si kuja mbio mbio kwa ajili ya kuvuja."

Kule Pemba nilimsikia kuku. Nilimsikia mtu anapita, anamsalimia mama, na mama anamwitikia kwa ukamilifu, nyumbani kwema, kwema, watoto hawajambo, hawajambo, kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwenye simu.

"Ahsante mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie."

Ami Faki akaichukua simu. "Wewe Mbarouk, haya majani yako ya plastiki panya watalala wapi?"

"Watatafuta kwingine, Ami."

"Na mie je? Mie kazi yangu kuezeka. Niitafute kwingine wapi, kwa laoban wako?" Akacheka sana, na kaka akacheka, na Wafula ambaye hakujua kinachochekwa akacheka pia.

Makuti yakaondoka kwenye kontena la nguo. Kaka alitia na vipande vichache vya akiba. Siku ya kuezeka ilipofika tulikuwa tumekaa juu ya marobota tunakula, na binti wa Ami Faki akawa anatutumia picha moja moja. Picha ya kwanza ilikuwa ya alfajiri: masufuria. Mama alikuwa amepika pilau la kuezeka. Hakuna aliyemwambia apike na hakuna aliyemwambia asipike. Paa linabadilishwa, basi chakula kimepikwa, na kimepikwa cha kijiji. Picha ya pili, vijana wawili wenye mashine ya skrubu na jenereta. Picha ya tatu, watu wamekuja. Wamesimama chini ya mnazi na nguo zao za kazi, wengine na panga, wengine na kamba mkononi, wanatazama juu. Hakukuwa na cha kurusha. Hakukuwa na cha kufunga. Vijana walikuwa wanapiga skrubu moja kwa moja kwenye mapao ya zamani, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameshashuka na kufuta mikono.

Picha iliyofuata nitaieleza kama ilivyokuwa. Mama amekaa kwenye baraza. Mbele yake masinia yamefunikwa kwa kawa, yamepangwa mpaka ukingoni. Paa juu yake linang'aa. Na uwanja ni mtupu. Watu walikuwa wamemsalimia, wamelisifu paa, na wameondoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameligusa, na ni nani angenawa mikono kula jasho asilolitoa? Hata wale vijana wawili walikuwa na safari, wakafungiwa pilau kwenye mfuko.

"Mbona hawakuli?" Wafula aliuliza, akiwa na simu mkononi. "Hiyo pilau yote?"

Kaka alimweleza. Wafula aliirudisha simu juu ya robota, uso chini, akaendelea kula mihogo yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiila bila kulalamika.

Jioni mama alipiga mwenyewe. Alisema paa ni zuri, watu wamelisifu, kuku wamekula wakashiba. Alisema aliwaomba wale vijana wauache mgongo mpaka mtoto wa nyumba aje, wakamwambia haiwezekani, maji yataingia. "Lakini kimebaki kipande," akasema. "Nimekutundikia bandani. Hicho chako."

Pasi ya kaka ilirudi kutoka kwa wakala mwezi mmoja baadaye, na viza mpya ndani yake. Tulikula kuku siku ile. Angeweza kwenda wiki iliyofuata. Vile vitu vya safari vilikuwa bado juu ya robota. Lakini mzigo wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na paa lilikuwa halivuji, na mama alikuwa mzima, na mtu hupanda ndege kwenda kufanya nini? "Nikienda, niende nyumba imekwisha," alisema. Kwanza vigae vya sakafu. Kisha mlango wa alumini. Mwisho wa mwaka mimi nilirudi nyumbani kuolewa, na ile redio nikaibeba mimi.

Miaka imepita kumi na kitu. Kaka amefika Dar es Salaam kwa biashara, zaidi ya mara moja, na hakuvuka kwenda Pemba. Kila mara kulikuwa na kitu cha kutuma kwanza. Nami nilikuwa Unguja na watoto wangu, nikienda Pemba kwenye sikukuu, na nilikuwa nikilala chini ya paa lile na kulisifu. Usiku nilisikia kitu kama mtu anayetafuna biskuti chumba cha pili. Mama alisema ni panya. Hawakuwa panya, Ami Faki alikuwa amesema kweli kwamba panya watahama. Walikuwa fukusi, ndani ya makombamoyo, ambayo hayakupata moshi tena na yakawa matamu. Zamani, kila baada ya miaka minne, watu wangepanda, wangegonga kila mti kwa kisigino cha panga, na ulioliwa ungebadilishwa kabla haujadhuru. Sasa ni nani apande? Paa lilikuwa zima. Na chini, nyuma ya ile saruji nyeupe, udongo ulikuwa umelowa na haukauki, maana udongo mtupu hunyeshewa asubuhi na kukauka jioni, lakini uliofungiwa ndani ya lipu hubaki na maji yake kama nguo zetu za Xiaobei, na nguzo zilikuwa zimesimama ndani ya unyevu huo masika baada ya masika. Ukuta ulipoanza kuinama kaka alituma saruji zaidi.

Ami Faki alikufa kwanza. Nyumba ikafuata, masika mbili kabla ya mama kufa, mchana, yeye akiwa bandani anageuza mikate. Alisema haikupiga kelele. Iliketi, kama mtu mzima anavyoketi. Tangu hapo alilala kwenye chumba cha matofali cha shemeji yake mwingine, chini ya bati, na mvua ikinyesha hakusikia adhana.

Nimeoga, nimevaa, nimerudi kukaa na kaka yangu. Ametengeneza chai ya tangawizi. Nikampa simu. Alipitisha picha ya kaburi kwa kidole, polepole, midomo ikisoma Fatiha, kisha akafika kwenye ile ya pili na hapo akakaa. Ni picha niliyoipiga mwenyewe. Kuna kichuguu cha udongo na vipande vya lipu nyeupe, majani yameota, na juu ya kichuguu limelala paa, zima, limeshikana, limetanuka kama mkeka, na mbuzi wawili wamelala juu yake. Rangi ni ile ile tuliyoichagua. Vile vidoa vidogo vya kahawia vinaonekana.

"Kwa hiyo halikuvuja," akasema.

"Halikuvuja, Kaka."

"Siku zote?"

"Siku zote. Laoban alisema kweli."

Nikafungua begi, nikamtolea kipande chake. Nilikuwa nimekikuta bandani, kwenye msumari ule ule, juu ya mafiga ambayo mama alipikia mpaka wiki ya mwisho. Kilikuwa cheusi tititi. Masizi ya miaka yote ile yalikuwa yamekifunika, na kilinuka kama nguo zetu za Idi. Nilidhani atalia. Kusema kweli nilikuwa nimekibeba kutoka Pemba ili alie, ili tukae wawili tumlilie mama yetu ndani ya harufu yake, kwa sababu mazishi yalimpita. Alikishika kwa mikono miwili kama siku ile kiwandani, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, na chini ya weusi rangi ya majani ikatokea, mpya.

"Unaona?" akasema, na sauti yake ikawa na ile furaha. "Sabuni tu. Na yale mengine pale chini yapo vile vile, hayajapata kitu. Raya, nisikilize. Tusimamishe kuta za matofali, nguzo za zege, kisha paa lile lile tunalinyanyua juu. Mie natuma nondo mwezi ujao. Ikikwisha, nakuja, kipande hiki nakipandisha mwenyewe."

Akaenda kwenye sinki, akafungua maji. Nilimwona kwa nyuma, mabega yakicheza, anasugua kwa bidii, na maji meusi yakiteremka bombani. Harufu ya moshi ilijaa chumbani kwa muda mfupi, kisha ikapungua.

"Unasemaje, mdogo wangu?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ahsante, Kaka," nikamwambia. "Mungu akuzidishie."